Kiti cha Nkwabi

Jumamosi alasiri Gladness alipanda juu ya stuli akatundika televisheni mpya ukutani, pale ilipokuwa kalenda ya parokia. Mama yake, Selina, alikuwa mlangoni akichambua mchele na kumwambia upande wa kulia umelala. Ukweli ni kwamba ukuta ndio uliolala, kama kuta nyingi za Kirumba. Baba yake, Nkwabi, alikuwa kwenye kochi, mguu wa kushoto ameunyosha juu ya ndoo iliyofunikwa, kwa sababu goti hilo halijakunjika tangu miaka ya tisini.

"Baba, siku hizi kila kitu kipo humu," alisema Gladness. "Taja chochote cha zamani nikutafutie."

"Mieleka," akasema Nkwabi. "Ile ya Radi."

Radi halikuwa jina lake. Watu wa Kirumba ndio waliompa, kwa kuwa lile la Kizungu lilikataa kukaa mdomoni. Kila Jumamosi jioni, dishi la Jumbe likikubali, walijazana kwenye ukumbi wake wa video kumwona Radi na mwenzake Kinyozi, bwana mwenye kipara aliyewanyoa nywele walioshindwa. Televisheni ilikuwa ya chogo na picha imejaa chenga, lakini nani alikuwa na nyingine?

Siku hizo Nkwabi alibeba magunia ya dagaa kwenye soko la Mwaloni, na baada ya mavuno alirudi kwao Misungwi kucheza ngoma na kundi la Bagalu. Bagalu na wapinzani wao, Bagika, huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Anayeshinda ni yule ambaye watu wamemgeuzia nyuso. Kila upande una dawa zake. Katika kundi la kina Nkwabi, babu yake ndiye aliyechanjwa chale mabegani ili ubaya wa wapinzani umfikie yeye, wachezaji wabaki salama.

Basi Nkwabi alipomwona Radi kwa mara ya kwanza, anapigwa na watu wawili huku refa akikagua dari, alishikwa na huruma. Alisema huyu ni mchezaji mzuri ila hana mtu wa kumbebea ubaya. Akapanda gari kwenda Misungwi, akarudi na chale mbichi mabegani.

Dawa ilifanya kazi Jumamosi iliyofuata. Radi alipigwa ngumi ya jicho, likavimba la Nkwabi. Radi alitupwa nje ya ulingo, Nkwabi akalala na mbavu zinazolia. Kwenye zahanati nesi alimuuliza tu, "Jumamosi?" naye akajibu, "Jumamosi," akapewa panado. Selina alimkanda kwa maji ya chumvi. Mtaani walimpa pole na wengine walimnunulia soda, kwa maana alikuwa anafanya kazi ya watu wote.

Jumbe alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wanaogelea uchi kwenye mawe ya ziwani. Alimpa heshima yake: wengine walikaa kwenye mabenchi, Nkwabi alipewa kiti cha mbao chenye mikono, mbele kabisa, ubavuni mwa televisheni. Kwa jinsi kilivyowekwa, ilimbidi apinde shingo ndipo amwone Radi. Hakulalamika. Alisema mgeni wa heshima hachagui pa kukaa.

Halafu ikaja ile Jumamosi ambayo Kinyozi alimgeuka mwenzake. Wawili hao walikuwa wameshinda kila mtu. Kinyozi akachukua kiti cha kukunja, akamjia Radi kwa nyuma, akampiga nacho goti. Goti la Nkwabi lilivunjika kwa sauti iliyosikika mpaka benchi la mwisho. Radi alitolewa kwa machela, Nkwabi kwa mkokoteni. Hakucheza ngoma tena wala hakubeba gunia tena. Akajifunza kushona nyavu, kazi ya kukaa. Lakini miaka yote hiyo alikuwa na faraja moja, nayo aliisema hata pasipo kuulizwa: kwamba huko aliko, Radi anatembea kwa miguu yake miwili, kwa sababu kuna mtu Kirumba aliyempokelea kile kipigo.

Gladness alitafuta mpaka akalipata jina la Kizungu, na lile pambano la kiti likatokea. Picha ilikuwa safi, hata jasho lilionekana, na Nkwabi akaona yale ambayo chenga zilimficha. Aliona ngumi ikiishia hewani kabla ya shavu, na mpigaji akikanyaga sakafu ili ilie. Aliona Kinyozi akimnong'oneza Radi sikioni, na Radi akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubaliana bei ya samaki. Kisha kiti kikashuka. Kilitua kwenye turubai, shubiri nzima kutoka kwenye goti. Radi akalishika goti lake zima akalia.

La Nkwabi likavunjika tena. Chale hazina habari na ubora wa picha.

"Rudisha," alisema.

Gladness akarudisha. Kiti kikatua tena kwenye turubai. Selina aliacha mchele, akaenda kubandika maji ya chumvi.

"Kumbe hakupigwa."

"Baba, yale ni maigizo. Kila mtu anajua."

"Tangu lini?"

Gladness akaitazama rimoti. Nkwabi akamtuma amwite Jumbe.

Jumbe alikuja baada ya magharibi, na kofia yake, akakaribishwa chai. Gladness alikuwa uani anaosha vyombo. Goti la Nkwabi lilikuwa limefungwa kitenge, na Jumbe aliliangalia kama mtu anayemwangalia jirani wa zamani.

"Ulijua?" aliuliza Nkwabi.

"Nilijua. Kaka yangu aliyekuwa Nairobi aliniambia mwaka uleule nilipofunga dishi. Wanapanga wenyewe nani aanguke, halafu wanakwenda kula pamoja."

"Na hukuniambia, Jumbe. Mimi?"

Jumbe alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Ungeacha kuja. Sasa ungeacha wewe, nani angekuja? Mieleka hata ukumbi wa jirani walionyesha. Watu walikuja kwangu kukuona wewe, ndugu yangu."

"Walikuwa wanatazama televisheni."

"Walikuwa wanakutazama wewe. Kile kiti nilikigeuza mwenyewe kiwaelekee, kwa mikono yangu."

Nkwabi alikaza kitenge gotini. Yeye, mtoto wa Bagalu, aliyefundishwa tangu mdogo kwamba uwanja ni wa yule anayegeuziwa nyuso, alikaa mbele ya nyuso zote zile, shingo kaipinda, akidhani wanamwona Radi nyuma ya bega lake. Aliumia. Goti liliuma kivyake, na hili liliuma mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki.

"Na wewe, mama Gladness?"

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe tu," alisema Selina, kitambaa cha moto mkononi. "Nilijua unaumia. Yule Mzungu alinihusu nini?" Kisha akamgeukia mgeni. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kunywa chai, shemeji, inapoa."

Jumbe akanywa.

"Nina neno moja tu," alisema Nkwabi. "Isiwashwe tena. Si ukumbini, si kwenye simu. Ikiwashwa popote hapa Kirumba inanifikia. Goti hili la kushoto limekwisha, sasa linakula nyonga."

"Haki ya Mungu," alisema Jumbe, mkono kifuani. "Haiwashwi."

Akatoka kwa kupitia uani. Hapo alimsifia Gladness kwa televisheni nzuri, akamuuliza huyu Radi jina lake la Kizungu lilikuwa nani vile, maana uzee umemsahaulisha. Gladness alimwandikia kwenye simu ya Jumbe mwenyewe, kwa adabu, kama alivyolelewa.

Jumatano asubuhi Nkwabi alikuwa Mwaloni kwenye kivuli chake, wavu mapajani. Akina mama walianika dagaa, wabebaji walipita wakipiga kelele za kuomba njia. Jicho lake la kulia likaanza kuvimba. Kisha mdomo. Mpangilio wa lile pambano aliujua kama sala ya Baba Yetu, kwa hiyo alijua kiti hakiko mbali. Alichomeka sindano kwenye ukosi wa shati isipotee, akamwambia Justa, muuza dagaa wa jirani, amsogezee wavu usichafuke.

Goti likavunjika, akaanguka ubavu.

Hakuna aliyeshtuka. Wazee walikumbuka, na vijana walikuwa wamekwisha kusimuliwa. Waliweka magunia chini wakafanya duara, simu zikainuliwa. Duara likafunguka kidogo, akapita Jumbe. Mkono mmoja alikuwa na simu, na ndani yake umati wa Kizungu ulikuwa bado unapiga kelele. Mkono wa pili alikuwa na kile kiti chenye mikono, kimefutwa vumbi.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema.

Akakiweka chini. Akaangalia watu wengi wamesimama upande gani, akakigeuza kidogo, kuelekea huko. Vijana wawili wakamwinua Nkwabi wakamkalisha.

"Shikamoo, mzee," walisema waliokuwa mbele.

"Marahaba," akajibu Nkwabi. Akapinda shingo kwa mazoea. Upande ule hakukuwa na televisheni, palikuwa na ziwa tu. Akairudisha shingo taratibu, akawatazama.