Bakuli la Njano la Koko Shen

Siku Koko Shen alipohama Louisville, alimwekea Mama Aksanti mikononi bakuli dogo, la njano kwa nje, jeupe kwa ndani, akasema, "Keep it." Mama akaitikia kwa heshima. Alikuwa amemhudumia bikizee huyo wa Kichina kwa miaka, akimwogesha na kumpikia. Tangu siku ile bakuli lililala kabatini ndani ya kitenge, halijaonja hata wali. Amana ya mtu hailiwi.

Sasa habari zilikuja kwamba Koko yu hoi, nyumbani kwa binti yake huko Buffalo. Mama akaomba ruhusa kazini, akamwambia mwanawe Aksanti ashike usukani. Hakutaka mtu afe huku kitu chake kiko kabatini mwake.

Walipumzika Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa mjomba Zihindula, mtu wa mizaha. Alilifunua bakuli, akaligeuzageuza, akauliza kama ni la pilipili. Aksanti, aliyesomea historia chuoni na ambaye mezani hakusema mpaka aulizwe, alijikuta akimtetea yule bikizee. Akaeleza alichofundishwa na Koko mwenyewe: katika jumba la ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, njano ilikuwa rangi ya mfalme. Yeye, mama yake na malkia walikula katika vyombo vya njano nje na ndani. Mke aliyemfuata malkia kwa cheo alipewa njano ya nje tu. Chini ya bakuli paliandikwa jina la mfalme Kangxi, lakini mafundi waliokuja baada yake nao waliliandika jina hilo kwa kumheshimu, kwa hiyo umri wa bakuli hakuna aliyeujua.

"Donc uko na bakuli ya bibi wa mfalme," Zihindula akamwambia dada yake, "na unaifungia sawa mufungwa."

"Haiko yangu. Alisema 'keep'. Keep njo kuweka, si vile? Nimemuwekea."

Aksanti akaacha kutafuna. Neno lile la Kiingereza lina milango miwili: nitunzie, au chukua, liwe lako. Alijua Koko alipita mlango upi. Na kwa watu wa Koko, kurudisha zawadi ni kumwambia mtu kwamba urafiki umekwisha. Mama alikuwa anavuka majimbo kwenda kumtukana rafiki yake kitandani.

Njiani Aksanti alitaka kumwambia. Lakini Mama aliimba nyimbo za kanisani, akasimulia jinsi Koko atakavyofurahi kuona bakuli halina hata mkwaruzo, na Aksanti akaendelea kuendesha gari. Walipopita Lackawanna alifungua kinywa, akaishia kusema kwamba wamekaribia.

Koko alikuwa amekonda, macho yakiwa yale yale. Mama akapiga goti, akamnyooshea bakuli kwa mikono miwili, akamweleza kwa Kiingereza chake kwamba amelirudisha. Koko akalitazama. Kisha akasema polepole kwamba alidhani Mama angelipenda, akageukia ukutani. Binti yake akanyoosha mkono, akalipokea.

"Hapana," Aksanti akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. Akamweleza Koko kwamba Mama alidhani ameombwa kulitunza, na amelitunza kuliko vyombo vyake vyote. Kisha akamgeukia Mama. "Mama, alikupatia. Ilikuwa zawadi."

Mama akauliza:

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na mi niko nakula mu bakuli ya plastiki."

Koko akauliza amesema nini. Alipotafsiriwa, akacheka mpaka akakohoa, na Mama akamshika mgongo kama zamani. Kisha Mama akalivuta bakuli kutoka mikononi mwa binti.

"Bon. Kama ni yangu, njo mimi nitaalika."

Akaingia jikoni mwa watu bila kuomba ruhusa, akarudi na uji wa mchele ndani ya bakuli lile, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kijiko cha kwanza alimlisha Koko. Cha pili alikula mwenyewe, akasema umepungua sukari.