Korido ya Maboksi

Bibi alikubali kuhama nasi kwa sharti moja: aweze kutoka kitandani kwake mpaka chooni bila kushikwa mkono na mtu yeyote.

"Siku mtakaponipeleka chooni kama mtoto anayeanza kutembea, hesabuni nimeshakufa," alisema. "Kama haiwezekani, niacheni kwa binti yangu. Pale nimeshapazoea."

Binti yake ni shangazi yangu, anayekaa mtaa wa pili. Alikuwepo siku hiyo, amekaa ukingoni mwa kochi na pochi mapajani, akasema haraka haraka kwamba Bibi anakaribishwa, kitanda kipo. Kisha akatazama chini. Shangazi anampenda mama yake, lakini sote tunajua kwamba wakikaa pamoja kidogo tu huanza kununiana kwa sababu ya chumvi ya mboga.

Sharti lile lilitokana na kosa letu wenyewe. Mama ni muuguzi, na alikuwa amepata uhamisho kwenda hospitali ya mbali, safari ya kulala njiani. Akaanza kufungasha mapema, kwa utaratibu wake wa wodini, vile visivyotumika sana vitangulie. Ndipo kabati la vyombo liliposogezwa katikati ya korido ili lifunguliwe miguu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Bibi.

Macho ya Bibi yalimwisha pole pole. Sasa anaona mwanga na kivuli, basi. Lakini katika nyumba ile hatukuwahi kumwongoza. Fimbo mkono wa kulia, kiganja cha kushoto ukutani, akitoka chumbani anakunja kushoto na kuufuata ukuta hadi mlango wa choo, tena kwa mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Asubuhi ile alilivaa kabati kwa goti. Hakulia, hakulalamika. Alikaa sakafuni akalipapasa lile kabati kama anayejaribu kumtambua mtu, kisha akaniambia, "Mke mwenzangu, hii nyumba imeshaondoka imeniacha."

Mke mwenza ni mimi. Ameniita hivyo tangu utoto wangu, kwa kuwa marehemu Babu alikuwa akiniita mchumba. Tumelala chumba kimoja muda wote huo, mimi na yeye na redio yake ndogo ambayo huizima pale tu taarifa ya habari inapoanza, kwa madai kwamba inaharibu usingizi. Nilijaribu kuwaza kulala chumba kisicho na kikohozi chake nikashindwa, nikaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Baba alijifungia karakana kutwa nzima. Ni fundi wa makochi, na akiwa na jambo moyoni hushona. Jioni alitoka karakana na sindano yake bado imechomekwa kwenye kola ya shati.

"Nitaijenga ile nyumba tunayohamia hapa uani," alisema. "Mama aizoee kabla hatujafika."

"Utaijengaje nyumba usiyoijua?" Mama akamuuliza.

Ni kweli, hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Mama alitafutiwa na muuguzi mwenzake wa huko, na msimamizi wa nyumba hiyo, tuliyezoea kumwita Mzee wa Geti, alikuwa ametutumia picha tatu: geti, sinki la jikoni, na dari. Baba akampigia simu, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Mzee wangu, ukiingia mlango wa mbele kuna korido, siyo?"

"Korido moja ndefu, safi kabisa."

"Chumba cha kwanza, atakacholala mama, kiko mkono gani?"

"Kulia."

"Na choo?"

"Mwisho wa korido, upande huo huo wa kulia. Hata mgeni wa leo hapotei, fundi."

Mzee akapima urefu kwa futi aliyoiazima kwa seremala, na Baba akachora kila kitu kwa chaki kwenye saruji ya uani. Lakini chaki haipapasiki. Ndipo akaanza kubeba maboksi yetu, yale tuliyokuwa tumeshayafunga kwa selotepu, na kuyapanga juu ya mistari. Vyombo na vitabu chini, nguo na mapazia juu, mpaka yakafika usawa wa kifua cha Bibi. Kochi refu likawa kitanda. Ndoo iliyopinduliwa kifudifudi mwisho wa korido ikawa choo. Kila tulipofunga boksi jingine, Baba alilikaribisha kwa mikono miwili na kurefusha ukuta.

Jirani yetu mshona viatu alichungulia juu ya ukuta wa mpaka. "Fundi, hiyo unapangisha au unauza?"

"Haina maji bado," Baba akajibu bila kugeuka.

Bibi akaanza mazoezi. Alikaa kwenye kochi, akasimama, akashika fimbo, akautafuta mwanya wa mlango, akatoka. Kisha akakunja kushoto, akapita mlango wa mbele na kuibukia kwenye nguo zilizoanikwa.

"Nimefika chooni?"

"Umefika kwenye kamba ya nguo, Mama," Baba alisema. "Ni kulia."

"Shuka la nani hili? Maana nilikuwa nakaribia kuchuchumaa."

Tulicheka sana siku hiyo. Siku zilizofuata tulicheka kidogo kidogo, kisha tukaacha. Kila alipotoka mlangoni, mwili wake ulikwenda kushoto wenyewe, na kila mara Baba alisema, "Kulia, Mama, kulia," kwa sauti ya upole iliyozidi kuwa ya upole, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Alipojilazimisha kwenda kulia, fimbo ilibidi ihamie mkono wa kushoto ili kiganja cha kulia kifuate maboksi. Na fimbo katika mkono ule ilikuwa kama imeshikwa na mtu mwingine. Iligonga huku na kule. Mara moja iliangusha boksi la vikombe, tukavisikia vikilia ndani.

"Vimevunjika?" Bibi aliuliza.

"Hapana," alisema Mama, aliyekuwa akisikia vizuri kama sisi.

Hata dereva wa lori alimkuta akihangaika hivyo. Ilikuwa siku moja kabla ya safari, amekuja kukagua mzigo. Alisimama uani amejishika kiuno. "Samahani, mzigo ndio huu, au bado mnaishi humu?"

Baba alianza kueleza. Bibi alikuwa amesimama katikati ya korido ya maboksi, fimbo mkono wa kushoto, anasikiliza mgeni akielezwa habari zake. Akageuka, akalipapasa kochi, akakaa.

"Umejenga vizuri, mwanangu," alimwambia Baba. "Mimi ndiye siingii humu. Usijisumbue tena." Kisha akainua uso upande niliokuwa. "Mke mwenza, mwite shangazi yako. Aje achukue sanduku langu kabla lori halijalimeza."

Dereva akakumbuka ghafla matairi ya lori lake, akaenda kuyatazama nje. Baba alichomoa sindano kwenye kola akaichomeka tena palepale.

Sikumwita Shangazi papo hapo. Nilisema nina simu ya kupiga kwanza, na haukuwa uongo. Mama alikuwa ameniachia kazi ya kumuuliza Mzee wa Geti nani atatufungulia tukifika, na nilikuwa nikiiahirisha, maana mimi na simu hatuelewani. Naweza kuandika ujumbe mzuri kabisa, lakini sauti ikinijia sikioni nasahau hata salamu. Nikaingia chumbani kwetu, nikaketi juu ya sanduku la Bibi, nikapiga ile ya picha.

Uso wa mzee ulijaa kiooni, kofia na nusu ya pua.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ufunguo ninao, lala usingizi."

Kazi ilikuwa imekwisha. Ningeweza kuaga. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya lile sanduku, na nikaona angalau nimwambie Bibi chumba alichokikataa kilikuwa na dirisha la namna gani. Yeye hupenda kujua jua la asubuhi litampiga wapi.

"Babu, samahani. Ungeweza kunionyesha chumba cha bibi yangu?"

"Bila shaka. Twende zetu." Akageuza simu ikatazama mbele. Nikaona ukumbi wa nje, benchi, mlango wa mbele ukisukumwa kwa mguu. Nikaona korido ndefu, safi kama alivyoisifu. Akapiga hatua chache, picha ikakunja kushoto, ikaingia chumbani.

Nilidhani nimechanganya.

"Babu, hicho ndicho chumba cha kwanza?"

"Ndicho hicho."

"Si ulisema kiko kulia?"

"Kulia, ndiyo."

"Lakini umekunja kushoto."

Picha ikatulia ikitazama sakafu. Nilimsikia akipumua, akifikiri. Kisha akatoka tena mpaka nje, akakaa, benchi likalia.

"Fundi aliponipigia nilikuwa nimekaa hapa kwenye benchi langu," alisema, "ndipo ninapokaa siku zote, nimeelekea getini. Nyumba iko mgongoni kwangu. Sasa kulia kwangu si ndiyo huku?" Kidole gumba kikapita kiooni kikielekea nyuma. "Lo. Kumbe nimewageuzia nyumba."

"Na choo, Babu?"

"Choo nacho mwanangu kimefuata mkumbo. Kushoto, mwisho."

Nilimshukuru mpaka akauliza kama ninalia. Nikatoka mbio uani. Baba alikuwa ameshaanza kushusha maboksi ya juu, taratibu, kama anayebomoa kwa heshima. Nilisimama mbele yake nikakosa pa kuanzia, kwa sababu kumwambia baba yako kwamba amejenga nyumba nzima kinyume si jambo jepesi, hasa mbele ya dereva wa lori.

"Baba, ni kushoto."

"Nini?"

"Chumba. Choo. Vyote ni kushoto. Yule mzee alikuwa amekaa ameipa nyumba mgongo. Nimeona kwa macho yangu."

Baba akaliweka chini boksi alilokuwa amelishika. Kisha kutoka kwenye kochi kikaja kicheko, kwanza chembamba, halafu kikakua mpaka kikamletea kikohozi. Bibi alikuwa anapiga fimbo chini.

"Kulia, Mama, kulia," alimwigiza Baba kwa sauti yake ile ya upole. "Mmenizungusha uani kama punda wa kinu, kumbe miguu yangu inaijua nyumba kuliko fundi."

"Nilipewa vipimo, Mama."

"Ulipewa. Na mtoto wa kuzaa mwenyewe anamwamini mlinda geti kuliko mama yake."

Baba alijaribu kujitetea, akashindwa, akacheka naye, akafuta uso kwa kola na kujichoma na sindano. Mama alikuja mbio na plasta akidhani ni jambo kubwa. Tulipomweleza alikaa juu ya boksi la sufuria akafunga macho. Nadhani hakuwa ametoa pumzi sawasawa tangu siku ya kabati.

Tukaijenga upya. Dereva alivua shati la kazi akasaidia, akisema hajawahi kuhamisha nyumba kabla ya kuhamisha mzigo. Ndoo ikahamia upande wa pili. Bibi akasubiri, akasimama, fimbo mkono wa kulia. Alitoka mlangoni, akakunja kushoto bila hata kufikiri, kiganja chake cha kushoto kikateleza juu ya maboksi, juu ya selotepu, juu ya mapazia na vikombe vyetu vilivyovunjika, na fimbo ikagonga ndoo. Ngo. Akageuka akarudi. Akaenda tena, sasa kwa haraka zake za siku zote. Safari ya tatu alifika akaketi juu ya ndoo, akakunja mikono.

"Funga mlango basi, mke mwenza. Watu hawana adabu?"

Shangazi alikuja jioni, maana Mama alimpigia kumweleza. Alisema anasikitika kwamba Bibi hatakaa kwake. Alisema hivyo huku akifunga sanduku kwa kamba, kwa nguvu na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake, na Bibi alimsikia vizuri tu, akamshika shavu.

Asubuhi lori lilirudi nyuma mpaka uani. Wapakiaji walisimama mbele ya zile kuta wakakuna vichwa, hawajui mkono waanzie wapi. Bibi alikuwa ameshapanda kiti cha mbele, dirishani, redio mapajani. Akatoa kichwa nje.

"Anzeni na choo," aliwaambia. "Mimi nimeshamaliza."