Grimalkin Jukwaani

"Nikimwona tena jukwaani, Hetty, huyo paka wako anakwenda kwa mchuna ngozi!"

Hetty Ramsden hakuinua kichwa. Alikuwa na pini nne mdomoni na joho la mfalme mapajani. Miaka thelathini alishona nguo za waigizaji wa mji wa Skelby, na kumi kati ya hiyo paka alilala kapuni kando yake.

Akatema pini, akamjibu msimamizi wa ukumbi. "Bila yeye panya wangemvua mfalme nguo, Bwana Ackroyd."

"Akae nyuma ya pazia, hiyo ni bahati. Lakini paka akivuka jukwaa watu wakiigiza, akaingilia huku akatokea kule, ni mkosi. Ukumbi utafungwa! Halafu hilo jina. Grimalkin! Nani humwita paka hivyo siku hizi? Ni la mashairini, la wachawi."

"Bibi yangu alimwita hivyo kila paka jike wa kijivu. Na shairi hakusoma hata moja."

Alasiri hiyo walicheza mchezo wa wachawi. Mchawi akainua fimbo. "Njoo, Grimalkin!"

Paka wa matambara alipaswa kuvutwa kwa kamba aingie jukwaani. Kamba ikakatika.

"Njoo, Grimalkin!" Jasho likamtoka mchawi. "Njoo basi!"

Kapuni, kitu cha kijivu kikajinyoosha. Hetty akaudaka mkia. Akabaki na manyoya mkononi.

Paka akaenda polepole hadi katikati ya jukwaa, akakalia pindo la joho, mfalme akiwa ndani yake. Watu wakashangilia kwa makofi. Upande wa kushoto, alikotokea paka, Hetty alitoa kichwa cha samaki, chakula chake cha mchana. Upande wa kulia, Bwana Ackroyd alisimama na mkate wa nyama ya nguruwe mkononi.

Paka akanusa. Akageukia kulia, tayari kuvuka jukwaa.

Ackroyd akausokomeza mkate wote mdomoni, akakimbia nyuma ya pazia la mandhari hadi upande wa Hetty, akapiga magoti akitafuna.

"Mwite!"

"Nimeshamwita."

"Kwa jina lake, mama wee!"

"Lile la mashairini? Mwite wewe, bwana."

Ackroyd akameza tonge. "Grimalkin," akanong'ona. "Grimalkin, mama, njoo."

Paka akainua mguu wa nyuma, akaanza kulamba vidole, kimoja kimoja.