Utafiti wa Kumwokoa Diwani

Bibi yake Reshma, ambaye nyumbani huitwa Ba na mtaani huitwa Mama Dilip, hajaonja nyama tangu azaliwe. Kwa hiyo, Krismasi iliyopita, jogoo mmoja alipokuwa akichagua ukuta wa kuruka, alichagua kwa akili kuliko wapiga kura wengi. Alikuwa amenunuliwa na jirani, Mzee Mungai, na maji yalikuwa yameshachemka. Mungai alipokuja kumdai, Ba alijaza mlango wote kwa sari yake.

"Ameomba hifadhi," Ba akasema. Akafunga.

Akampa jina la Diwani, kwa sababu hutembea kifua mbele, hupiga kelele alfajiri, kisha siku nzima hakuna kazi yoyote anayofanya.

Mungai hakusahau. Naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, nyumba tisini na sita zilizozungushiwa ukuta mmoja hapo Jamhuri, kando ya Ngong Road. Juzi akaandika kwenye kikundi cha WhatsApp: "Wakazi, je, mnakubali kwamba kelele za jogoo wa Mama Dilip zimezidi na sasa aondolewe?" Watu kumi na tisa wakajibu. Kumi na saba wakasema ndiyo. Mungai akatangaza kwamba Diwani atapelekwa kwa binamu yake Dagoretti, apumzike. Sasa, Dagoretti kuna soko na kuna vichinjio, lakini mnyama aliyewahi kwenda huko kupumzika bado hajasikika.

Reshma, ambaye yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasomea takwimu, aliivaa kesi hiyo na ndara miguuni. Akamkuta Mungai getini kwake akimwagilia maua.

"Anko Mungai, hilo swali lako lilikuja likiwa limeshapikwa. Umebakisha tu kuweka chumvi."

"Watu wamejibu, Reshma."

"Waliokasirika ndio wamejibu. Aliyelala vizuri atakuandikia nini, na amelala?"

Mungai akajaribu kukunja uso, ukakataa. Msichana huyu alimjua tangu akibebwa mgongoni. "Haya, profesa. Uliza wewe. Zaidi ya nusu wakisema jogoo anawasumbua, anaenda. Wasipofika nusu, mimi simtaji tena. Mkutano ni Jumapili saa tisa."

Reshma akarudi nyumbani akiwa na kalamu nyuma ya sikio kama fundi. Tisini na sita ni nyingi, na mwalimu wao alikuwa ameshawafundisha ujanja: huhitaji kuuliza kila mtu, chukua sampuli, wachache wa kuwasemea wengi. Akaamua kubisha kila nyumba ya nane. Ya nane, ya kumi na sita, ya ishirini na nne, mpaka mwisho. Nyumba kumi na mbili. Safi, bila kupendelea mtu.

Majibu yakawa matamu kuliko jalebi. Nyumba kumi na moja zilimuuliza, "Jogoo gani?" Ya kumi na mbili ilisema iliwahi kusikia kitu, ila ilidhani ni redio.

Alicheza sebuleni. Alikuwa bado anacheza, Ndambuki akaingia. Huyu ni mwenzake darasani, kijana wa Kilimani anayefika kwa Ba kila mara tumbo lake linapomtuma, na Ba alikuwa ameshamwekea bakuli la chevda, vile vitafunio vikavu vyenye pilipili, kabla hajasalimia.

"Kumi na mbili kwa sifuri! Niambie mimi si noma," Reshma akasema.

Ndambuki akatafuna, akaipitia orodha, akatafuna polepole zaidi. "Resh, hizi nyumba zenu zimepangwaje?"

"Mistari kumi na miwili. Kila mstari nyumba nane."

"Na ya nane kwenye kila mstari iko wapi?"

Reshma akahesabu kwa vidole. Ya nane kwenye kila mstari ni ile ya mwisho, inayopakana na Ngong Road. Hapo malori hupita yakinguruma kuanzia saa kumi alfajiri. Wenye nyumba hizo, hata ukiwaletea bendi ya polisi chini ya kitanda, watageuka upande wa pili.

Ba, ambaye huongea kama mtu anayeita teksi iliyo ng'ambo ya barabara, aliuliza kuna nini. Wakamweleza. Akaweka kijiko chini.

"Yaani umeenda kuuliza viziwi kama ngoma inawasumbua?"

Ndambuki akapaliwa na chevda. Alipopata pumzi akanong'ona, "Manze, wacha tu ikae hivyo. Huyo mzee sampuli ataijulia wapi?"

Reshma akageukia dirisha. Alimwona Ba ameshatoka nje, amechuchumaa, Diwani anakula dengu kwenye kiganja chake. Tangu Babu Rakesh alipofariki, Ba alikuwa haamki mapema. Alikuwa akilala mpaka saa nne, akiamka anauliza leo ni siku gani kama mtu asiyejali jibu. Siku hizi saa kumi na moja yuko wima, ana mtu wa kumgombeza. Jogoo huyu akienda, hakuna ajuaye Ba ataamkia nini.

Akaitazama karatasi tena. Alimcheka Mungai kwa swali lililopikwa. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amebeba jibu lililopikwa, tena kwa mwandiko mzuri zaidi.

"Aki Ndambuki, nakuchukia," akasema, akaichana.

Akakata vikaratasi tisini na sita, akaviandika namba, akavitia kwenye debe la unga, akampelekea Mungai. "Anko, tikisa. Funga macho. Toa kumi na sita."

"Kwa nini mimi?"

"Ili usije ukasema nimechagua marafiki zangu. Na swali halitataja jogoo. Nitauliza tu, asubuhi nini hukuamsha kabla hujataka kuamka?"

Mungai akatikisa debe mpaka akawa mweupe mikono yote. Alifurahia kazi hiyo kuliko alivyokubali kuonyesha.

Siku tatu Reshma alizunguka. Asipomkuta mtu, hakuruka kwa jirani, alirudi. Nyumba ya arobaini na moja, ya muuguzi, aliirudia mara nne mpaka mbwa akazoea na kuanza kumsindikiza. Kwa kila mtu aliahidi kwamba jina lake halitatajwa. Lakini kadiri karatasi ilivyojaa, ndivyo hatua zake zilivyopungua kasi.

Jumapili saa tisa, viti vya plastiki vikapangwa kwenye nyasi. Ba alikaa mbele na sari yake ya zambarau. Reshma akasimama na karatasi yake.

"Nyumba kumi na sita. Mbili zinaamshwa na malori. Tatu, watoto wao. Mbili, jogoo."

"Mbili tu?" Mungai akauliza.

"Mbili. Diwani anabaki." Ba akapiga makofi, mkutano mzima ukageuka. Reshma akageuza karatasi. "Na tisa... tisa wamesema jogoo huwika mara mbili akamaliza, hana shida. Wanaamshwa na mama anayemfokea kwa dakika ishirini, 'Chup! Nyamaza, Diwani, chup!'"

Mtu mmoja nyuma akajifanya anakohoa. Mungai alitazama viatu vyake, mabega yanatetemeka.

"Mimi?" Ba akasema. Hata hilo "mimi" lilisikika mpaka barabarani. Akajishika mdomo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Mungai akamletea maji, naye Mungai akicheka na kuyamwaga nusu njiani.

Jioni, jikoni, Ba aliongea kwa sauti ya chini kabisa, ambayo kwa mtu mwingine ni sauti ya kawaida. "Niambie ni nani hao tisa. Niwapelekee kitu, niwaombe msamaha."

"Siwezi, Ba. Nimewaahidi siri."

"Hata mimi bibi yako?"

"Hata wewe."

Ba akafikiri. Kisha akavuta gunia la viazi kutoka chini ya meza na kumpa mjukuu wake kisu. "Basi tutapelekea wote. Nyumba zote tisini na sita. Bhajia moto."

Walimenya, wakakata, wakapaka unga wa dengu, wakakaanga. Ndambuki akaitwa, akaja mbio akidhani ni kula. Kufikia sahani ya thelathini, macho yanamwasha kwa moshi na vidole vimegeuka manjano, Reshma alielewa kwa mwili wake wote kwa nini binadamu walibuni sampuli.