Vijiko vya Mgeni

Kitendawili! Kimeshinda majini mchana kutwa, kimetoka kimekonda. Usikimbilie kusema sabuni, sabuni huisha kabisa. Shikilia jibu lako kwanza, twende Matungu, nyumbani kwa Navalayo, ambako miwa imefika hadi dirishani.

Jumamosi hiyo asubuhi Navalayo alikuta vikombe vinne vya maji vimepangwa mezani. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na kipande cha kiazi, vyote vimekatwa urefu mmoja. Vilikuwa vya mjukuu wake Mitchel, wa gredi ya tisa, ambaye alikuwa ametoka mbio kwenda kisimani. Alasiri Mwalimu Jairus angepita kuchagua jaribio moja tu la kupelekwa kwenye maonyesho ya sayansi Kakamega mjini, na Mitchel alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa kutaka lake lichaguliwe.

Vikombe vilikuwa vimebandikwa karatasi: 3, 2, 1, na cha mwisho 0. Kopo la sukari lilikuwa kando, kijiko ndani.

"Maskini, ameondoka kabla ya kumaliza," Navalayo alijisemea. Nyumba ya wakulima wa miwa, kikombe kikae hivihivi? Akakitia hicho cha 0 vijiko vitatu, kipimo chake cha chai ya mgeni, akakoroga taratibu, akaenda zake kuchambua maharagwe, moyo mweupe.

Alasiri Mitchel alitoa vipande, akavipangusa, akavipima kwa rula. Asubuhi kila kimoja kilikuwa milimita hamsini. Cha kijiko kimoja sasa hamsini na moja. Cha viwili, arobaini na tisa. Cha vitatu, arobaini na saba. Cha sifuri? Arobaini na saba. Akapima tena. Arobaini na saba.

"Haiwezekani," alisema. "Kwa maji matupu kiazi hunywa, kinavimba. Hiki kimekonda!"

Binamu yake Andati akacheka. "Si uandike hamsini na tatu uende zako Kakamega? Kiazi kitakushtaki?"

"Nitaandika nilichopima."

"Basi ngoja nionje hayo maji." Kidole hakijafika kikombeni, kikapigwa kofi.

"Jaribio halionjwangi, Andati! Ni wewe ulitia sukari?"

"Mimi? Haki ya Mungu, sijagusa!"

"Sasa ni nani?"

Navalayo aliinamia ungo wa maharagwe. Yeye, bingwa wa vitendawili wa mtaa mzima, ndiye amemharibia mtoto safari! Alitafuta pa kuanzia, na kabla hajapapata, pikipiki ya Mwalimu Jairus ikanguruma uani.

Mwalimu alikagua vipande, akasoma daftari, akatikisa kichwa. "Cha sifuri kimekosea, Mitchel."

"Hakijakosea, Mwalimu." Mitchel alikiweka kipande hicho kando ya kile cha vijiko vitatu. "Maji hupenya ngozi za seli kwenda upande wenye sukari zaidi. Sukari ikizidi kikombeni, kiazi kinapokonywa maji yake. Sasa angalia hiki, kimelingana na cha vijiko vitatu, milimita kwa milimita. Kwa hivyo humu mna sukari. Na ni vijiko vitatu. Si viwili, wala si vinne."

Navalayo aliacha kuchambua. Huyu mtoto hakuwepo, hakuonja, hakuambiwa na mtu. Ameuliza kiazi, na kiazi kimemjibu hadi idadi ya vijiko! Miaka yote hiyo yeye ametega vitendawili watu wakashindwa, akawadai mji ndipo awape jibu. Leo amekitega kimoja bila kujua, na mjukuu wake amekitegua kwa rula ya plastiki. Akaona fahari inampanda kifuani, ikaisukuma aibu kando.

"Umeeleza vizuri sana," Mwalimu Jairus alisema, huku akifunga daftari polepole. "Lakini mimi nitawaambiaje wenzangu? Bila aliyetia sukari, hayo ni makisio. Nani alitia?"

Andati alitazama miguu yake. Mitchel alitazama kikombe.

Navalayo aliweka ungo chini, akasimama, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Na ni vijiko vitatu, vilevile alivyosema."