Pini Mdomoni

Mtaa mzima ulimwita fundi huyu Mama Pini, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mafundi wenzake huchomeka pini kwenye sponji au kwenye ukosi wa blauzi. Yeye alizibana midomoni, safu nzima, na papo hapo akapiga soga, akapatana bei, akamteta mwenye nyumba. Wateja walikwisha kuzoea kumwelewa. Binti yake, aliyekulia kwenye kelele za cherehani, alijiona bingwa wa lugha hiyo, na mama naye akaamini hivyo hivyo. Hapo ndipo walipoponzeka.

Binti kichwa chake kilikuwa chepesi. Tangu mdogo ndiye aliyempangia mama namna ya kulaza vipande vya karatasi vya kukatia juu ya kitambaa ili kisipotee bure, na hamu yake ilikuwa moja tu, kusomea ujenzi wa madaraja. Mwaka uliofuata angeingia kidato cha juu, na huko hesabu zilikuwa za namna mbili: hisabati ya juu, ambayo bila hiyo hakuna chuo kitakachokufundisha daraja, na hisabati ya kawaida, ya wanaotaka kumalizana na somo kwa amani. Ile ya juu ilisifika kwa kuwatoa watu jasho. Alijishauri weee, mpaka jioni ya kuamkia siku ya kuchagua akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea.

"Mama, nichukue hisabati ya juu?"

Mama alikuwa amepiga magoti, anapinda gauni la bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe yumo ndani, hatulii. Hakuinua kichwa.

"Utaweza," alisema.

Alimaanisha utaweza, basi, kuna la kuuliza hapo? Lakini mwenye pini midomoni hathubutu kuishusha sauti mwishoni, maana midomo ikilegea zinamwagika. Sauti ikabaki juu. Binti akasikia anaulizwa. Akaitikia "haya", akaenda kuosha vyombo, na kesho yake akachagua hisabati ya kawaida.

Mama hakujua kitu. Likizo nzima alitamba kwa wateja kwamba nyumbani kwake kuna mhandisi, hata akamshonea binti mkoba mpana wa kubebea vitabu vizito. Masomo yalikuwa yamekwisha kushika kasi alipoona mkoba bado unaning'inia ukutani, mtupu. Akauliza vitabu vya hisabati ya juu viko wapi. Binti akashangaa, akasema si mama mwenyewe aliyemuuliza kama ataweza?

Mama Pini alikwenda shuleni na kanga yake nzuri. Mwalimu wa taaluma alimpokea kwa heshima, akamkalisha, akamweleza kwamba darasa limejaa, wanafunzi wamekwenda mbali, na shule haihamishi mtu baada ya kuchagua. Akauliza kwa nini mzazi hakuja mapema. Sasa angejibu nini? Kwamba ni pini? Aliaga, akarudi kwa miguu, na njia nzima alijichukia.

Nyumbani alimkuta binti anaondoa mabaki ya nyuzi kwenye cherehani.

"Mimi nilisema utaweza, mwanangu. Sikuuliza."

Binti alizikung'uta nyuzi vidoleni. "Mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo, mama. Nikadhani na wewe una shaka."

Mama akajikaza, akaketi, akashika kazi, na mkono kwa mazoea ukapeleka pini mdomoni. Baadaye binti akachungulia mlangoni, akauliza kama aweke chai. Mama akazitema zote mkononi haraka haraka, moja ikamchoma, akamtazama usoni kabla ya kujibu.

"Weka, mwanangu."

Binti akacheka. "Hilo hata na pini ningelisikia," alisema, akaenda kuwasha jiko.