Kompyuta ya Matofali

Feni, muuza vifaa vya kompyuta, aliweka kadi mbili za picha juu ya meza ya kioo. Moja ilikuwa mpya ndani ya boksi lake, nyingine ilikuwa imeshatumika na boksi lake halikujulikana lilipo. Mteja wake, mchora ramani za nyumba, aliinama akazitazama zote mbili. Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, alikaa mumewe, fundi mwashi, mikono juu ya magoti, vumbi la saruji likidondoka taratibu kutoka kwenye viatu vyake. Alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka. Feni alimkaribisha, akamletea glasi ya maji, kisha akakumbuka, akayanywa mwenyewe.

"Mashine ya kazi gani, dada?" Feni aliuliza. "Magemu? Video za harusi?"

"Ya kuangusha jengo."

"La ghorofa ngapi?"

"Nne."

"Basi pesa nyingi iweke kwenye prosesa, maana hiyo ndiyo itakayopiga hesabu. Hii kadi iliyotumika itakutosha. Ile mpya ni ya watoto wa matajiri."

Jina la Feni alilipata kwa sababu hakujua kusimama mahali pamoja. Alizunguka nyuma ya meza yake, akazunguka rafu, akarudi na vipande vya kumbukumbu vilivyong'olewa kwenye kompyuta za ofisi moja iliyofungwa.

"Zimebaki na mambo ya wenyewe?" mchora ramani aliuliza.

"Hapana, dada. Hizi umeme ukikatika tu, hazikumbuki kitu."

"Kama tume," alisema mwashi kutoka kwenye benchi.

Feni alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Habari za tume kila mtu alizijua.

Jengo lilianguka mchana, mafundi wakiwa ndani. Mwashi alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Tume ya uchunguzi iliundwa, ikaketi, ikanywa chai, ikatoa ripoti. Kosa, ilisema ripoti, lilikuwa la mwashi, aliyechanganya saruji vibaya. Katika wote waliotajwa, yeye peke yake hakuwa na namna ya kujibu. Ripoti ilisomwa asubuhi. Jioni ile mwashi aliingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake.

"Mchanganyo wangu haukuwa na kasoro," alisema.

"Najua," mkewe alijibu. Alikuwa anamenya vitunguu, akaendelea kumenya.

"Nguzo zile walizipunguzia nondo. Nilimwambia mkandarasi. Akasema, fundi, wewe piga plasta."

"Hilo nalo najua. Ulilisema hapahapa mezani, ukiwa hai."

Mwashi alitazama vidole vyake. "Watoto wangu wakiulizwa baba yao alikuwa nani, waambiwe aliua watu?"

Mkewe aliweka kisu chini. Hakulia, maana kilio alikuwa amekimaliza msibani. "Kesho uende ukaiambie tume mwenyewe," alisema.

Alikwenda. Karani wa tume alimpokea kwa heshima zote, akamwekea kiti, akaingiza namba ya kitambulisho chake kwenye mfumo, akasikitika.

"Mzee wangu, mfumo unasema umekufa."

"Mfumo uko sahihi."

"Basi siwezi kukuandika kama shahidi. Maneno ya marehemu hayana pa kuingia. Labda mlete kitu cha kuonekana kwa macho."

Mwashi alirudi na maneno hayo nyumbani, na mkewe aliyakubali kama kazi. Alikuwa anachora ramani za nyumba ndogo, vyumba viwili na sebule, kwa watu wanaojenga tofali kwa tofali. Programu ya kupima uzito na nguvu za jengo aliijua tangu chuoni. Alijaribu kuliingiza lile jengo kwenye laptop yake. Laptop ilifika ghorofa ya kwanza, ikapata moto, ikanuka, ikazimika moja kwa moja.

Hapo ndipo alipoifungua bahasha ya rambirambi. Mkandarasi mwenyewe ndiye aliyemkabidhi msibani, kwa mikono miwili, mbele ya watu. Mchora ramani alikuwa ameitupia chini ya kitanda bila kutazama kilichomo. Kilichomo hakikuwa kingi. Shemeji yake, mdogo wake mwashi, alipopata habari alikuja mbio.

"Shemeji, hela ya kujengea kaburi la kaka ununulie kompyuta?"

"Muulize mwenyewe."

Shemeji aligeuka. Kaka yake alikuwa ameketi karibu na dirisha, anatazama ufa kwenye ukuta.

"Kaburi liache," alisema mwashi. "Siku hizi sishindi kule."

"Watu watasemaje?"

"Watu wameshasema. Sasa nasema mimi."

Shemeji aliuliza kama mashine hiyo itakuwa nzito, kwa sababu kama ni kubeba, yeye yupo.

Basi siku ile dukani hela ya bahasha iligawanywa. Prosesa ilichukua fungu kubwa. Haikuwa ya mwaka huu wala wa jana, lakini ilikuwa ya kazi ngumu, na Feni aliapa kwa jina la mama yake. Madabodi, ubao mkuu wa kuibeba, ilipatikana ikiwa na tundu moja bovu la spika, wakapunguziwa bei kwa ajili ya tundu hilo. Kadi ya picha ilikuwa ile iliyotumika. Mchora ramani alidai iwashwe mbele yake, akaigusa mpaka ilipopata joto, akasikiliza feni zake, ndipo akakubali. Kumbukumbu alichukua zote, kwa sababu jengo lisipoenea kwenye kumbukumbu halianguki, linakwama tu.

Vilibaki pawa saplai ya kugawa umeme na kasha, na hela ilibaki ya kimoja na nusu.

"Hapa ndipo wateja wanapobana," alisema Feni. Aliweka mezani kisanduku chekundu kilichochorwa miali ya moto. "Chukua hii. Nje imeandikwa nguvu ileile ya zile za bei mbaya. Halafu unapata kasha zuri la kioo, lenye taa."

Mwashi aliinuka kwenye benchi. Alikipima kisanduku mkononi, akakirudisha.

"Nyepesi," alisema. "Nje rangi, ndani hewa."

"Mzee, inawaka. Nimewauzia wengi."

"Hata lile jengo lilisimama. Watu walipiga nalo picha."

Feni aliacha kuzunguka. Alikitazama kisanduku chekundu kama mtu anayemtazama ndugu aliyemtia aibu ugenini. Kisha akakirudisha rafuni, akainama chini ya meza, akatoa kingine cheusi, kisicho na pambo lolote, akakiweka kwa mikono miwili kwa sababu ya uzito wake.

"Hii ndiyo ninayotumia mimi," alisema. "Lakini ukiichukua hii, dada, kasha huna."

"Nitakuwa nalo," alisema mchora ramani. "Nina mwashi nyumbani."

Mwashi alilijenga kasha uani, kwa matofali ya kuchoma yaliyobaki kwenye banda la jirani. Aliuliza upepo unatakiwa kuingilia wapi na kutokea wapi, mkewe akamwonyesha kwa kidole, naye akaacha matundu pande hizo, madogo madogo, yamelingana kama meno ya kitana. Ndani aliweka ubao wa kufungia madabodi. Watoto wake wawili walimletea maji ya kuchanganyia udongo, wakibishana ni nani alipewa ndoo nyepesi. Alipomaliza alipitisha pima maji juu yake. Kiputo cha hewa kilikaa katikati. Alikitazama kiputo hicho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walisubiri likauke. Kisha mchora ramani alifunga vifaa kimoja kimoja, akachomeka umeme, na kompyuta ya matofali ikawaka bila kelele.

Mwashi aliketi kando yake, akamtajia jengo lote kutoka kichwani: nguzo iko wapi, nondo ngapi, mkono wake ulishika wapi, wapi alilalamika na wapi alilalamika tena. Mkewe aliandika. Prosesa ilipiga hesabu mchana kutwa, matofali yakawa vuguvugu kama mkate. Jioni jengo lilisimama kwenye skrini, likatulia kidogo kama linalowaza, kisha nguzo ya kona ya nyuma ikapinda, na ghorofa zikashukiana moja juu ya nyingine. Vumbi jeupe lilitoka kwenye matundu ya kasha na kutanda chumbani. Mchora ramani alifungua dirisha.

"Ni ile ile," alisema mwashi. "Nilikuwa naitazama ilipokwenda."

Mkewe alibadilisha kitu kimoja tu. Alirudisha nondo zilizokuwa kwenye ramani ya asili, saruji akaiacha kama ilivyokuwa. Jengo lilisimama. Waliliacha lisimame mpaka wakati wa kulala, na hata walipozima taa hakuna aliyetaka kulizima.

Tume ilikuwa bado inalipwa posho, kwa hiyo ilikuwa bado inaketi. Walikwenda asubuhi. Shemeji alisukuma kompyuta kwenye toroli la ujenzi, mchora ramani akabeba skrini, mwashi akatangulia kufungua milango. Mlinzi wa getini alikagua matundu ya kasha kwa tochi, akaandika kwenye daftari lake: tanuri, moja.

Mkandarasi naye alikuwepo, amevaa suti ya kijivu. Alimwona mwashi, akasimama kumpa mkono.

"Fundi, pole sana."

"Nimeshapoa," alisema mwashi. Na kweli, mkono wake ulikuwa baridi kama zege la asubuhi. Mkandarasi alifuta wake kwa leso.

Jengo lilianguka mbele ya tume. Vumbi likatoka, wajumbe wakakung'uta mabega. Mwenyekiti aliomba aone tena, likaanguka tena. Kisha mchora ramani akaonyesha lenye nondo zake zote, na lile halikuanguka. Mjumbe mmoja alisogea kwenye skrini, akahesabu nguzo kwa kidole, akarudi kwenye kiti chake bila kumtazama mtu.

"Mama, hii ni kazi nzuri," alisema mwenyekiti. "Nasema kwa dhati. Ungekuja kabla ripoti haijafungwa."

"Ifungueni."

"Ripoti ikishafungwa haina mlango."

"Mlango si tatizo," alisema mwashi. "Mimi nimetoka mahali pasipo na mlango."

Karani alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alimshukuru kila aliyefika, walio hai na wengineo, akaahirisha kikao. Mkandarasi alimfuata mchora ramani mpaka kwenye toroli.

"Mama, ungeniambia una shida ya kompyuta, ningekununulia mpya."

"Hii umeninunulia wewe," alisema mchora ramani. "Asante."

Shemeji alinyanyua mishikio ya toroli, wakaondoka. Walipofika nyumbani, mwashi alivua viatu na kusema kwamba jina lake limebaki pale pale lilipokuwa. Mkewe alisema ndiyo, limebaki. Kisha akahamishia skrini dirishani, ikatazama barabarani, akaliwasha jengo. Chini yake alibandika karatasi yenye jina la mwashi na maneno haya: HUYU HAKUKOSEA.

Wapita njia walisimama, wakaangalia, wakasoma, wakaenda zao. Baadhi yao walirudi na ndugu zao.

Mwaka haukuisha, mkandarasi akapewa kazi nyingine, bweni la wanafunzi wa uuguzi, ghorofa tano, mtaa wa pili. Mabati yalizungushwa, walinzi wakawekwa. Kila alasiri mwashi alikwenda kule na futi yake ya kupimia. Walinzi walimwamkia. Walikuwa wameambiwa wasiruhusu mtu yeyote bila kibali, na hapakuwa na aliyewapa maelekezo kuhusu marehemu. Alirudi jioni na vipimo, mkewe akaviingiza. Bweni lilianguka dirishani kabla lile la mtaa wa pili halijafika ghorofa ya kwanza.

Mkandarasi alikuja mwenyewe. Alisimama barabarani, akalitazama bweni lake likilala chini, vumbi likimtua kwenye viatu.

"Toa kitu hiki," alisema.

Mchora ramani alikuwa anakunywa chai. "Ongeza nondo," alisema. "Ukiongeza, na hapa litasimama. Mashine haina kinyongo na mtu."

"Nina watu, mama. Naweza kukufunga mdomo."

"Mdomo wangu nimeufunga tangu msibani. Anayesema ni mwenzangu, na yeye utamfanya nini tena?"

Mkandarasi alimtafuta mwashi kwa macho, akamwona uani anaanua nguo. Aliingia kwenye gari lake. Kesho yake zege la ghorofa ya kwanza lilimwagwa.

"Nondo?" mchora ramani aliuliza mwashi aliporudi.

"Zilezile."

Alisogeza kiti, akaingiza ghorofa ya kwanza kama ilivyo, akalisubiri bweni. Ilikuwa saa ya mafundi kutoka kazini. Walikuja kwa miguu kutoka mtaa wa pili, kofia ngumu mkononi, wakasimama mbele ya dirisha wamebanana. Mwashi alitoka akasimama nao, wakamsogezea nafasi. Walitazama ni nguzo ipi inayotangulia kupinda, wakakubaliana ni ile ya kushoto karibu na ngazi, na siku iliyofuata wakala chakula cha mchana mbali nayo.